Mtoto mwenye misuli dhaifu apimwe moyo mapema

Mama mmoja wa Mtongwe alikuja katika kliniki yangu hapa Likoni akiwa na simu mkononi. Hakuwa mgonjwa. Alitaka nitazame filamu fupi aliyotumiwa na jamaa yake aliye Ulaya. Filamu hiyo ilimwonyesha kijana aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu, na kiunoni mwake palikuwa na mkoba mdogo wenye betri. Waya ulitoka kwenye mkoba huo ukaingia mwilini. Kijana yule alikuwa na pampu ya umeme kifuani, iliyokuwa ikiusaidia moyo wake kusukuma damu.

"Daktari," akaniuliza, "na huyu wangu hawezi kutiwa pampu kama hii?"

Huyo wake alikuwa na umri wa miaka 17 na wakati huo alikuwa amelazwa hospitalini kwa juma la pili. Nitarejea kwake baadaye, maana ninalo jambo la kukiri juu yake. Kwanza nieleze maradhi yenyewe, kwa kuwa hapa Likoni, na hata Kisauni na Changamwe, nimekutana na wazazi ambao wamekaa nayo nyumbani miaka mingi bila ya kuyajua jina.

Maradhi haya huitwa Duchenne, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeyaeleza katika miaka ya 1860. Ni aina mojawapo ya maradhi ya kudhoofika kwa misuli, na aghalabu huwapata wavulana. Hukisiwa kuwa mvulana mmoja kati ya kila 3,500 hadi 5,000 huzaliwa nayo. Mtoto huzaliwa akionekana mzima kabisa. Huenda akachelewa kidogo kutembea. Afikiapo miaka mitatu au minne huanza kuanguka ovyo, hutembea kwa ncha za vidole, na ngazi humpa taabu. Akiinuka mkekani hushika magoti, kisha mapaja, kana kwamba anajipanda mwenyewe. Vigimbi vyake huwa vinene, na baba hufurahi akidhani amepata mchezaji mpira. Unene huo si nguvu. Ni mafuta na makovu yaliyochukua mahali pa misuli. Bila ya dawa, wengi huacha kutembea wakiwa na umri wa miaka 12 hivi.

Chanzo chake ni kukosekana kwa protini iitwayo distrofini, ambayo wanasayansi waliitambua mwaka 1987. Kazi ya protini hiyo ni kuishikilia seli ya msuli isiraruke kila msuli unapokaza. Ikikosekana, msuli huchanika kidogo kidogo kila siku, mpaka mwili unashindwa kuurekebisha. Maagizo ya kuitengeneza yamo katika kromosomu ya X. Msichana ana X mbili, kwa hiyo moja ikiwa na kasoro ya pili huwa yamsaidia. Mvulana ana moja tu, aliyoipata kwa mama yake.

Hapa naomba nisimame kidogo. Nimeona ndoa zikivunjika kwa sababu ya sentensi hiyo ya mwisho. Mwanamume akishasikia kwamba kasoro hutoka upande wa mama, hafikirii tena mtoto, hufikiria talaka. Yafaa ijulikane kwamba karibu thuluthi moja ya watoto hawa huwa na kasoro iliyozuka upya, ambayo mama zao hawana. Na hata yule mama aliye nayo hakuichagua, kama vile wewe hukuchagua urefu wako. Wala hakuna aliyemroga mtoto. Sina ugomvi na anayekwenda kuombewa au kusomewa, maadamu hospitali haikuachwa.

Sasa tufike kwenye moyo. Wengi wetu, tukisikia misuli, hufikiria mikono na miguu. Moyo nao ni msuli, na tena ni msuli usiopumzika. Kwa mtoto mwenye Duchenne makovu huanza kujengeka moyoni mapema, pengine kabla hajafikisha miaka 10, na wakifikia miaka 18 karibu wote huwa na moyo uliodhurika kwa kiasi fulani. Zamani wengi walifariki kwa kushindwa kupumua. Katika nchi ambako mashine za kusaidia kupumua huwekwa nyumbani, vijana hawa siku hizi hupita miaka 20, wengine 30, na kinachowaua sasa mara nyingi ni moyo.

Hatari yake ni kwamba moyo huo hufa kimyakimya. Wewe msomaji ukiwa na moyo dhaifu utajua: utapanda ngazi za jengo fulani pale Moi Avenue na pumzi zitakukatika njiani. Miguu itavimba. Utakuja kwa daktari. Kijana aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu hapandi ngazi, hakimbilii matatu, habebi mtungi. Moyo wake haujaribiwi na chochote, hata ukawa umebakiwa na nusu ya nguvu zake naye asijue. Unapozidiwa, dalili huja kwa njia nyingine: tumbo kuuma, kichefuchefu, kutapika, kukosa hamu ya kula, kukonda, kutolala usiku, jasho, na mapigo ya mbio hata akiwa ametulia.

Hilo ndilo ninalopaswa kukiri. Yule kijana wa Mtongwe aliletwa kwangu na mama yake mara tatu katika muda wa miezi mitano kabla ya kulazwa. Mara zote tatu alilalamikia tumbo na kutapika. Nilimbonyeza tumbo, nikaandika dawa ya vidonda vya tumbo. Mara ya pili nikaongeza dawa ya minyoo. Nilijua kwamba ana Duchenne. Iliandikwa kwenye kadi yake kwa mwandiko wangu mwenyewe. Sikuweka kifaa cha kusikilizia kifuani pake hata mara moja, kwa sababu akili yangu ilikuwa imeshaamua kwamba tatizo la mtoto huyu ni miguu, na kwa miguu sina la kufanya. Mara ya nne alipelekwa kwingine, na daktari kijana aliyekuwa zamu usiku alihesabu mapigo yake: 140 kwa dakika. Picha ya moyo ilipopigwa, tuliona moyo uliopanuka kama mpira uliokwisha upepo, ukitikisika bila ya kusukuma.

Basi mama aliponionyesha pampu ile, nilikuwa na deni la kumjibu kwa ukweli.

Pampu hiyo ipo na inafanya kazi. Mwaka 2010, katika hospitali ya watoto ya Bambino Gesù mjini Rome, jopo la Daktari Antonio Amodeo lilimwekea pampu mvulana wa miaka 15 mwenye Duchenne ambaye moyo wake ulikuwa umefika ukingoni. Aliwekewa kwa nia ya kuishi nayo, si ya kumshikiza mpaka apatikane moyo wa kupandikizwa, kwa kuwa vijana kama yeye mara nyingi hawapewi nafasi katika orodha za kungojea mioyo. Pampu aliyowekewa, Jarvik 2000, inatoshana na betri ya tochi. Hupachikwa kwenye chumba cha chini cha moyo upande wa kushoto, hunyonya damu humo na kuisukuma hadi kwenye mshipa mkuu unaolisha mwili. Kwa kuwa huzunguka bila ya kupumzika, ukimshika mgonjwa kifundo cha mkono huenda usisikie mapigo. Waya wake wa umeme ulitokezwa nyuma ya sikio, mahali ambapo ngozi haipati uambukizo kwa urahisi kama ya tumboni. Betri huvaliwa kiunoni na huchajiwa kama simu.

Mwenye kukumbuka habari za zamani atalijua jina la Jarvik. Ni yule Robert Jarvik wa Marekani, ambaye moyo wake wa bandia aliwekewa Barney Clark kule Utah mwezi Desemba 1982. Clark aliishi siku 112 akiwa amefungwa kwenye mitambo ya hewa yenye ukubwa wa kabati. Mwaka 2000, Mwingereza Peter Houghton aliwekewa pampu hii ndogo mjini Oxford, akaishi nayo zaidi ya miaka saba, akatembea na kuandika vitabu. Kutoka kabati hadi betri ya tochi ni miaka 18 tu. Kwa hiyo sitamcheka mama yeyote anayeuliza.

Lakini nilimweleza na upande wa pili. Anayewekewa pampu hunywa dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Dawa ikizidi anavuja damu, ikipungua anapata kiharusi. Tundu la waya lataka kusafishwa kila siku. Lazima mapafu yake yawe na nguvu za kutosha kuvuka upasuaji, na kwa kijana wa Duchenne mapafu nayo yamedhoofika na uti wa mgongo umepinda. Kifaa peke yake kinagharimu makumi ya maelfu ya dola kabla ya kisu kugusa ngozi. Na isitoshe, kinaishi kwa umeme. Wakazi wa hapa hawahitaji kukumbushwa usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea katika sehemu kubwa ya nchi na watu wengine wakakaa gizani hadi siku ya pili. Mwenye pampu hawezi kusubiri stima irudi. Betri zake ni za saa kadhaa tu.

Kwa kijana wake, nilimwambia, wakati ulikuwa umepita. Hata angekuwa Rome, nadhani wasingemkubali. Pampu huwafaa wale ambao mioyo yao imefuatiliwa kwa miaka, ikajulikana inashuka lini na kwa kasi gani, wakapelekwa kwa upasuaji kabla mapafu, ini na figo hazijaharibika. Wake haukuwahi kupigwa picha hadi usiku ule. Alinitazama, akasema, "Kumbe ulikuwa ukipimika." Sikuwa na jibu.

Kijana alifariki baada ya miezi minne. Alikuwa akiandika matokeo ya mechi za vijana wa mtaa kwenye daftari, na hakuna mtu Mtongwe aliyeijua timu ya Bandari kumshinda yeye.

Nilipowasimulia madaktari wenzangu kisa hiki, mmoja, mtu mwema na mwerevu, aliniambia: "Lakini hata moyo ungepona, asingetembea. Ungempa nini?" Nimelifikiria swali hilo sana. Naamini lenyewe ndilo lililomuua kijana yule, maana nami nilikuwa nalo kichwani bila ya kulitamka. Tunapima thamani ya maisha ya mtoto kwa miguu yake, kisha tunaacha kumpima kitu kingine chochote. Madaktari wa Rome walianza na swali jingine: huyu anataka kuishi? Waliposikia ndiyo, wakatafuta njia. Si lazima tuwe na pampu ndipo tuulize swali lao.

Na hapa ndipo penye msingi wa makala haya. Jambo linaloweza kufanywa kabla ya pampu halihitaji ndege. Madaktari wa Ufaransa waliwachukua wavulana 57 wenye Duchenne, wa umri wa kati ya miaka tisa na nusu na 13, ambao mioyo yao ilikuwa bado na nguvu. Kikundi kimoja kilipewa perindopril, dawa ya kawaida ya presha, na kingine kikapewa kidonge kitupu kwa miaka mitatu. Baada ya hapo wote wakapewa dawa. Miaka 10 tangu kuanza, katika kundi lililotangulia kupewa dawa walikuwa hai 26 kati ya 28. Katika lile lililochelewa walikuwa hai 19 kati ya 29. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2007. Ni utafiti mdogo, sikatai, na mtu wa takwimu ataukosoa. Lakini hesabu mwenyewe ni watoto wangapi hao.

Miongozo ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2018 inasema mtoto apimwe moyo pale pale anapogunduliwa kuwa na Duchenne, kisha kila mwaka, na dawa za jamii hiyo zianzishwe akifikia miaka 10 hata kama moyo waonekana mzima. Enalapril ni ndugu wa perindopril. Ni dawa ile ile ambayo bibi yako hupewa kwa ajili ya presha, na imo katika orodha ya dawa muhimu za nchi hii. Usimpe mtoto vidonge vya bibi, tafadhali. Kipimo chake ni tofauti, na lazima figo na chumvi za damu ziangaliwe. Nataka tu ujue kwamba dawa ninayoisema haimo katika sanduku la dhahabu.

Kwa hiyo, ikiwa una mtoto wa kiume anayeanguka ovyo na kujipanda mapaja, omba apimwe damu kipimo kiitwacho CK. Kwa mwenye Duchenne kipimo hiki hupanda mara nyingi kupita kawaida. (Vipimo vya ini navyo hupanda, kwa kuwa vimeng'enya vile vile hutoka kwenye misuli; nimeona mtoto akitibiwa ini mwaka mzima, na ini lake halina neno.) Ikithibitika, dai picha ya moyo. Hupigwa kwa mawimbi ya sauti kama ya mama mjamzito, haiumi, haina miale. Uliza pia kuhusu prednisolone, ambayo humwongezea mtoto muda wa kutembea. Akishaizoea isikatizwe ghafla hata siku moja, kwani kuikatiza kwaweza kumuua. Na kama wewe ndiwe mama uliyebeba kasoro hiyo, nawe upimwe moyo, maana baadhi ya akina mama hudhurika bila ya kujua.

Jambo jingine ambalo nisingependa lipite: mtoto huyu akipelekwa kwa upasuaji wowote, uwe wa mafindofindo, wa jino au wa mfupa uliovunjika, mwambie mtaalamu wa nusukaputi ana maradhi gani kabla hajashika sindano. Dawa ya kulegeza misuli iitwayo suksametoniamu na baadhi ya gesi za kulaza huweza kuusimamisha moyo wake papo hapo. Liandike kwenye karatasi, ulibandike kwenye kiti chake.

Ninayo na maneno kwa wakubwa wa afya wa kaunti. Hospitali kuu iko kisiwani. Anayesema "waje tu huko" hajawahi kumvusha kijana wa kilo 50 asiyeweza kujiinua kwenye mteremko wa feri saa moja asubuhi, watu wakimpita huku na huku, kisha akamwingiza kwenye tuktuk na kumtoa, akapanga foleni, akaambiwa mashine ina wagonjwa wengi arudi mwezi ujao. Mzazi akifanya hivyo mara mbili, ya tatu haji. Siku hizi kuna mashine za picha ya moyo zinazobebwa mkononi kama kompyuta ndogo. Siku moja kwa mwezi, mashine na mtaalamu wake wavuke kuja Likoni. Mwezi unaofuata Kisauni. Mwezi unaofuata Changamwe, na huko waanzie kwenye shule ya Port Reitz ya watoto wenye ulemavu. Hata wakikuta mtoto mmoja tu mwenye Duchenne, watoto wengine wenye mioyo mibovu watafaidika. Sioni kwa nini hili lihitaji kamati.

Yule mama wa Mtongwe hajanitupa, ingawa angekuwa na haki. Baada ya arubaini alirudi akiwa na dada yake mdogo na mtoto wa dada huyo, mvulana wa miaka saba mwenye vigimbi vinene, ambaye mwalimu wake amekuwa akimwita mvivu. CK yake ilikuwa juu sana. Nilimsikiliza kifua, mbele, mgongoni, kisha mbele tena, hadi akaniuliza kama nimepoteza kitu humo. Picha ya moyo ilipigwa mwezi uliopita baada ya kuvuka mara mbili, na moyo wake bado una nguvu. Nimeandika tarehe ya picha ya mwaka ujao kwenye kadi yake, na kwenye ukuta wa kliniki, karibu na mlango.